Hamira ikinyimwa chakula hujila: mbona haijimalizi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Nilikuwa nafundisha sura ya seli, nikagusia kwamba seli ya hamira ikikosa chakula huvunjavunja sehemu zake yenyewe na kuzitumia upya. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Sasa kama inajila, mbona haijimalizi? Na inajuaje kipi ile na kipi iache?" Nikamwahidi kumletea jibu. Naomba unisaidie, na ukiweza unieleze watu waliyajuaje haya wakati seli yenyewe haionekani kwa macho.

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegonga penyewe. Wengi wakiambiwa seli inajila huandika kwenye daftari na kuendelea. Yeye ameona kwamba hapo pana hatari, na kweli ipo. Ndani ya seli moja ya hamira, ambayo upana wake ni kama mikromita 5 tu, mna vimeng'enya vinavyoweza kukatakata karibu protini yoyote, vingine hukata RNA, vingine huyeyusha mafuta yanayojenga tando. Vikiachiwa vizagae, seli imekwisha.

Ila haviachiwi. Vimefungiwa ndani ya vakuoli, ambayo katika hamira ni chumba kikubwa chenye utando wake na chenye tindikali kuliko sehemu nyingine za seli, kwa sababu pampu zilizo kwenye utando huo husukuma ioni za haidrojeni kuingia ndani bila kuchoka. Tena ulinzi hauishii kwenye ukuta huo. Vingi vya vimeng'enya hivyo hutengenezwa vikiwa havina makali: kila kimoja kati ya hivyo kina kipande cha ziada kinachokizuia kufanya kazi, na kipande hicho hukatwa kikishafika kwenye vakuoli. Kile kiitwacho Pep4 hujikata chenyewe kikikuta tindikali, kisha huwakatia wenzake, akiwamo Prb1. Kwa hiyo kimeng'enya cha namna hiyo kikiwa bado njiani hakiwezi kuharibu kitu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jibu zima, na ningependa mwanafunzi wako aushike kwanza kabla ya majina na namba. Kwa seli, kuyeyusha ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kukichukua kitu kilicho upande huu wa utando, mathalani mitokondria (mtambo wa nishati wa seli) au fungu la ribosomu (viwanda vya kutengeneza protini), na kukifikisha upande wa pili bila kutoboa ukuta unaotenganisha pande hizo mbili. Hamira hulitatua tatizo hili kwa kukifungasha kitu hicho ndani ya utando mpya, kisha kuunganisha utando huo na ule wa vakuoli. Utaratibu huu huitwa otofajia.

Sasa, watu waliyajuaje haya? Naomba nikae hapa kidogo, maana katika historia ya baiolojia ya seli ni machache yanayonivutia kama hili.

Jina la otofajia lilitolewa mwaka 1963 na Christian de Duve, mtafiti wa Ubelgiji ambaye miaka ya 1950 alikuwa amegundua lisosomu, chumba kinachofanya kazi ya namna hiyo katika seli za wanyama. Watafiti wa wakati huo walikuwa wakiona kwa hadubini ya elektroni vifuko vyenye vipande vya seli ndani yake, hasa katika seli za ini. Waliviona, wakavipa jina, na kwa sehemu kubwa jambo likakwama hapo kwa miaka karibu thelathini. Tatizo lilikuwa kwamba vifuko hivi huyeyushwa upesi mno. Ukikata ini na kulitazama, unakuta mabaki ya kazi iliyokwisha fanyika, na hujui ni protini zipi zilizoifanya.

Mwaka 1988 Yoshinori Ohsumi alifungua maabara yake ndogo katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Alikuwa ameshafanya kazi kwa miaka kadhaa juu ya vakuoli ya hamira, hasa jinsi utando wake unavyopitisha vitu, wakati ambapo wengi waliiona vakuoli kama jalala lisilo na la kutafiti. Alijiuliza: hamira nayo hujila kama seli za ini? Kama ndivyo, mbona hakuna aliyewahi kuona? Akawaza kwamba pengine haionekani kwa sababu vimeng'enya vya vakuoli vinamaliza kila kinachoingia kabla mtu hajawahi kukitazama. Basi akachukua hamira ambazo jeni za vimeng'enya hivyo zimeharibika, zisizoweza kuyeyusha, akaziweka katika maji yenye sukari lakini yasiyo na nitrojeni, ambayo seli huihitaji ili kujenga protini, akatazama kwa hadubini ya kawaida ya mwanga.

Ndani ya nusu saa vakuoli zilianza kuonyesha vitu ambavyo havikuwamo. Vilikuwa vitone vya mviringo, vikichezacheza mfululizo kwa sababu ya kugongwagongwa na molekuli za majimaji yaliyo ndani, na kadiri saa zilivyopita viliongezeka hadi vakuoli ikajaa. Mambo yalikuwa yakiingia kama kawaida. Ni kutoka tu ndiko kulikokuwa kumezibwa. Hadubini ya elektroni ikathibitisha kwamba kila kitone kilikuwa na utando mmoja na ndani yake mlikuwa na sehemu ya saitoplazimu: ribosomu nyingi, mara nyingine mitokondria nzima. Na huko nje, kwenye saitoplazimu, vilionekana vifuko vya ukubwa uleule lakini vyenye tando mbili. Ukiviweka pamoja unaisoma safari yote: kifuko cha tando mbili hufika kwenye vakuoli, utando wake wa nje huungana na wa vakuoli, na ule wa ndani hudondoka ndani ukiwa bado umebeba mzigo. Matokeo ya kwanza ya kazi hii yalichapishwa mwaka 1992.

Mimi naona uzuri wa jaribio hili uko kwenye mantiki yake. Hakuwa na chombo kipya wala cha gharama. Alizima hatua ya mwisho ili zile za mwanzo ziweze kuonekana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutafuta jeni. Kwa kuwa sasa palikuwa na dalili inayoonekana kwa jicho, Ohsumi na mwanafunzi wake Miki Tsukada waliharibu jeni za hamira ovyo kwa kemikali, kisha wakatafuta seli ambazo vakuoli zake hazijai vitone hata zikinyimwa nitrojeni. Kazi hiyo iliyotoka mwaka 1993 iliwapa makundi 15 ya seli, kila kundi likiwa na jeni yake iliyoharibika. Huko Ujerumani Michael Thumm alikuwa akifanya msako wake mwenyewe. Marekani, Daniel Klionsky alikuwa akichunguza jambo lililoonekana kuwa tofauti kabisa: namna kimeng'enya kimoja kinavyosafirishwa kwenda kufanya kazi yake ndani ya vakuoli hata seli ikiwa imeshiba. Walipolinganisha orodha zao, walikuta jeni nyingi ni zilezile. Mwaka 2003 wakakubaliana jina moja, ATG likifuatwa na namba, na leo orodha ya ATG imepita 40. Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016, peke yake.

Turudi kwa mwanafunzi wako. Aliuliza seli inajuaje. Yapo mambo mawili hapo: inajuaje kwamba wakati umefika, na inajuaje cha kuchukua.

La kwanza lina jibu safi. Juu ya utando wa vakuoli huketi kundi la protini liitwalo TORC1. Asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, zikiwa tele, TORC1 huwa macho, na mojawapo ya kazi zake ni kubandika fosfeti nyingi kwenye protini iitwayo Atg13. Atg13 iliyojaa fosfeti haishikamani vizuri na wenzake. Nitrojeni ikikatika, TORC1 hunyamaza, fosfeti huondolewa, na Atg13 huwakusanya Atg1 na Atg17 pamoja mahali pamoja kando ya vakuoli. Atg1 nayo ni kimeng'enya cha kubandika fosfeti, na ikishakusanywa hivyo huwaka. Yote haya ni suala la dakika. Ushahidi mzuri ni dawa iitwayo rapamaisini, inayoizima TORC1 moja kwa moja: ukiwapa hamira walioshiba dawa hiyo, huanza kujila huku chakula kimewazunguka. Kwa hiyo seli haisubiri kudhoofika ndipo ianze. Inasoma kiwango cha asidi amino na kuamua mapema.

Kisha ujenzi wa kifuko unaanza, na hapa ndipo panapotatanisha, maana utando huo unatoka wapi? Haukuwapo. Vifuko vidogo mno vyenye protini ya Atg9, ambavyo asili yake ni Golgi (sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha protini), hufika kwanza na kuwa mbegu. Halafu Atg2, protini ndefu yenye mfereji wa kupitishia mafuta, hujinyoosha kama daraja kutoka kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ndani ya seli) hadi kwenye utando mchanga na kuumiminia molekuli za mafuta. Mafuta hayo huingia upande mmoja wa utando. Atg9 huyagawa pande zote mbili ili ukue sawasawa. Utando unatanuka, unajipinda, unakuwa na umbo la bakuli, na midomo ya bakuli inaendelea kukaribiana hadi inafungana. Kilichokuwa katikati kimeshafungashwa. Kifuko kilichokamilika katika hamira kina kipenyo cha kati ya nanomita 300 na 900.

Katika kundi hili ipo protini moja ambayo ningemwonyesha mwanafunzi wako kwa karibu: Atg8. Ni ndogo, na umbo lake linafanana na lile la yubikwitini, ambayo kazi yake inayojulikana zaidi ni kubandikwa kwenye protini zinazotakiwa kuvunjwa. Atg4 huikata Atg8 mkiani ili ibaki ikiishia na asidi amino ya glisini. Atg7 huishika na kuiamsha, huikabidhi kwa Atg3, na Atg3, ikisaidiwa na Atg12, Atg5 na Atg16, huigandisha kwenye molekuli ya mafuta ya utando. Fikiria hilo: protini inagandishwa kwenye mafuta kwa kemia, ikawa sehemu ya ukuta wa kifuko. Jambo hili lilielezwa mwaka 2000 na liliwashangaza wengi, kwa sababu protini za ukoo huo zilikuwa zikijulikana kwa kubandikwa kwenye protini nyingine. Atg8 ikiwa kidogo, vifuko vinakuwa vidogo. Na ndiyo hiyohiyo inayohusika na swali la pili, la kuchagua.

Maana njaa ya nitrojeni inapoanza, uchaguzi si mkali sana. Bakuli linafunga kilichopo: maji ya seli, protini zake, ribosomu. Na ribosomu ni akiba nono, kwa kuwa seli ya hamira inayokua vizuri ina kama laki mbili, na seli isiyokua haihitaji viwanda vyote hivyo vya protini. Lakini vipo vitu vinavyochukuliwa kwa kutajwa. Kila kimoja huwa na protini yake inayofanya kazi ya alama: upande mmoja imejishika kwenye kitu, upande mwingine inaishika Atg8 iliyo kwenye utando wa bakuli. Utando unajibana juu ya kitu hicho na kukizungushia kwa kukifuata umbo lake, bila kubeba vya jirani. Kwa mitokondria alama hiyo ni Atg32, iliyotambuliwa mwaka 2009. Kwa peroksisomu, vifuko vidogo vinavyovunja mafuta, ni Atg36. Kwa retikulamu ya endoplazimu zipo Atg39 na Atg40, na Atg39 inahusika hata na sehemu ya kiini.

Tazama mfano mmoja. Ukikuza hamira kwenye laktati, chakula ambacho haiwezi kukichachusha, italazimika kupumua, hivyo itajijengea mitokondria nyingi. Kisha uihamishie kwenye sukari isiyo na nitrojeni. Ghafla mitokondria nyingi zimekuwa mzigo: nishati inapatikana kwa kuchachusha sukari, na protini zilizomo ndani ya mitokondria hizo ni nitrojeni iliyolala bure. Atg32 iliyo kwenye utando wa nje wa mitokondria hubandikwa fosfeti, na hapo inaweza kuishika Atg11, protini inayoiunganisha mizigo na mtambo wa kufungasha. Mitokondria huanza kupungua. Zikipunguzwa kiasi cha kutosha kazi inapoa. Seli haiondoi zote, maana hamira haiwezi kuishi bila mitokondria kabisa, hata ile isiyopumua. Huo ndio uchaguzi aliokuwa akiuulizia mwanafunzi wako. Hakuna mahali ndani ya seli panapokaa akili ya kuamua. Ipo alama, ipo fosfeti inayowekwa kwenye alama, na upo utando unaoishika.

Kifuko kikishafunga huungana na vakuoli, mzigo unadondoka ndani, na kimeng'enya kiitwacho Atg15 huyeyusha utando wa mzigo huo. Pep4, Prb1 na wenzao humalizia protini. Asidi amino zinazopatikana hutolewa nje na protini za mlangoni kama Atg22, na seli huzitumia kutengeneza protini chache inazohitaji ili istahimili njaa. RNA ya ribosomu nayo huvunjwa, ingawa hapo pana jambo linalonishangaza hadi leo: sehemu kubwa ya besi zinazotokana nayo seli huzitupa nje badala ya kuzitunza. Kwa hiyo usimwambie mwanafunzi kwamba kila kipande hutumika tena. Kinachothaminiwa zaidi hapa ni asidi amino.

Na sasa lile la kujimaliza. Umeshaona ukuta wa vakuoli, vimeng'enya vinavyoamshwa ndani tu, na kifungashio. Ongeza hili: asidi amino zinazotoka kwenye vakuoli ndizo zilezile ambazo TORC1 inazisoma. Kujila kukishaleta asidi amino za kutosha, TORC1 huanza kuzinduka kidogo, na kasi ya kufungasha inapungua. Seli yenyewe pia huacha kugawanyika, hivyo mahitaji yake yanashuka.

Kama anataka ushahidi kuliko maelezo, mpe huu. Chukua hamira ya kawaida na hamira isiyo na mojawapo ya jeni muhimu za ATG, uziweke zote kwenye mazingira yasiyo na nitrojeni. Mwanzoni huoni tofauti. Siku zikipita, zile zisizoweza kujila ndizo zinazoanza kufa, huku zinazojila zikiendelea kuwa hai. Ohsumi na Tsukada waliutumia ukweli huu pia katika msako wao: mbali na kutazama vitone, walitafuta seli zinazokufa mapema kwenye njaa. Na hamira yenye seti mbili za kromosomu isiyoweza kujila hushindwa kutengeneza spora, maana kujijenga upya kuwa spora wakati wa njaa kunahitaji malighafi, na malighafi hiyo inatoka ndani. Kwa hamira, kutojila ndiko kunakoua.

Nisije nikakuacha na picha kwamba vakuoli ndiyo njia pekee. Protini mojamoja iliyoharibika au iliyomaliza kazi kwa kawaida haisubiri kifuko. Hubandikwa yubikwitini na kupelekwa kwenye proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa unaoikata huko huko kwenye saitoplazimu. Waliogundua njia hiyo walipata Nobel ya kemia mwaka 2004. Proteasomu haiwezi kumeza mitokondria, na hapo ndipo otofajia haina mbadala. Vilevile, mara nyingine vakuoli hujibonyeza yenyewe na kumeza kitu kilicho jirani bila bakuli, hata kipande cha kiini.

Mwanafunzi akiuliza haya yanatuhusu nini, mwambie jeni nyingi kati ya hizi zina ndugu zake katika seli za binadamu. Atg8 ina ndugu waitwao LC3, Atg6 ina Beclin 1, na Atg5, Atg7 na Atg12 zimebaki na majina yaleyale. Hasa kwa seli za neva, ambazo hazigawanyiki na hivyo haziwezi kupunguza uchafu kwa kuugawa kwa seli mpya, kazi hii ni ya kila siku. Ila ningekuomba usimruhusu aruke kutoka kwenye hamira iliyonyimwa nitrojeni hadi kwenye ushauri wa kufunga kula kwa siku kadhaa. Jaribio la seli moja ndani ya chupa halitoi kipimo cha afya ya mtu, na wapo wanaouza maneno kwa kutumia jina la tuzo hii.

Kama shule yako ina hadubini inayokuza mara 400, waonyeshe hamira iliyokaa siku kadhaa kwenye maji ya sukari. Vakuoli wataiona: ni duara jeupe, angavu, linalochukua sehemu kubwa ya seli. Vitone alivyoviona Ohsumi hawataviona, na waambie sababu kabla hawajatazama: hamira ya kawaida ina Pep4 na Prb1 zake zote, hivyo kila kinachoingia humo huyeyushwa kabla jicho halijakidaka.